Hoja ya Kumi na Nane

Mwaka ule wa themanini na nne sukari ilikuwa ya kugawiwa, kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Sabuni ya kugawiwa, tena nusu mche. Betri za redio mpaka uwe na mjomba ghalani. Kitu pekee kilichopatikana pale Nyakabanga bila foleni wala kibali kilikuwa kelele, na Ijumaa moja asubuhi Redio Mbao akaja na habari kwamba hizo nazo zimeanza kupimwa.

"Mwangaluka, wazee," alisema kabla hajakaa. "Mmezipata za halmashauri?"

Redio Mbao ni Maduhu, fundi baiskeli, mtu mrefu ambaye akikaa magoti yanamfika kidevuni. Redio hana. Habari anazitoa anakokujua mwenyewe, na kwa bahati mbaya nyingi huwa za kweli.

"Halmashauri ipi?" akauliza Askofu.

"Hii mpya. Iliyofufuka."

"Aliyefufuka ni mmoja tu," akasema Askofu, akajipiga ishara ya msalaba.

Huyu Askofu jina lake ni Ansgar. Alikaa seminari mwaka mmoja na nusu, akarudi na maneno sita ya Kilatini na mazoea ya kukunja mikono tumboni. Sasa ni fundi cherehani, na daima ana kipande cha chaki nyuma ya sikio.

"Haya, hiyo iliyorudi kazini, mtakatifu wangu. Jana imekaa kikao chake cha kwanza. Mnajua imepitisha nini?"

"Dawa za zahanati," akasema Mwanaima, huku akisuuza vikombe.

"Yaya," akasema Redio Mbao, akitikisa kichwa kukataa.

"Daraja la mtoni," nikasema mimi.

"Yaya! Daraja lina haraka gani? Watu si wanavua suruali wanavuka? Imepitisha sheria ndogo ya kelele. Bendi ikipiga, mlio usivuke hatua mia mbili kutoka mlango wa ukumbi. Ukivuka, leseni inafutwa siku hiyohiyo."

Sote tukageuza shingo kutazama ng'ambo ya barabara. Kijiwe chetu ni masanduku manne ya mbao kando ya barabara ya Buseresere, yale masanduku ya baruti yaliyosambaa huku wakati migodi inafungwa. Ubavuni bado yameandikwa HATARI kwa rangi nyekundu, na tumeyakalia miaka yote hiyo bila kudhurika, ukiacha suruali. Mwanaima anauza kahawa chungu, ndiyo maana shida ya sukari haikumgusa. Mimi ananiita Nusu Kikombe, kwa sababu ninazozijua mwenyewe na sizioni zinamhusu mtu. Ng'ambo ya barabara ndipo ulipo ukumbi wa Tulia.

Jina Tulia sikulitoa mimi. Alilitoa marehemu mume wa Mama Salvina, na alikuwa mtu mpole. Mama Salvina mwenyewe, Scolastika kwa ubatizo, alipofiwa aliuza ng'ombe wote wanane akanunua maspika mawili makubwa kama makabati, jenereta na amplifaya. Ndugu wa mume hawajamsamehe mpaka leo. Tangu hapo, kila Jumamosi saa tisa alasiri, Ng'wina Jazz wanatoka Chato na magitaa yao kupiga bugi, na kutokana na bugi hilo watoto wanne wanasoma. Asubuhi ile alikuwa anafagia mlangoni, hajui kitu.

"Hatua za nani?" nikauliza.

"Kivipi hatua za nani?"

"Hatua mia mbili zako wewe zinafika Biharamulo. Zangu mimi zinaishia sokoni."

"Sheria haikusema. Imesema hatua."

"Basi imepitishwa na watu waliokaa," akasema Mwanaima.

"Na kinu cha pamba?" nikaendelea. "Kile kinanguruma tangu mwezi wa saba, meno yanagongana mdomoni. Chenyewe?"

"Hicho si kelele. Hicho ni uchumi."

"Gari la matangazo, lile lenye pembe mbili juu?"

"Uhamasishaji."

"Ngoma za Wagika na Wagalu? Wakianza kushindana tangu alfajiri mpaka ng'ombe wanakataa kutoa maziwa?"

"Utamaduni wa taifa."

"Kengele ya kanisa saa kumi na moja?"

"Huo ni wito," akadakia Askofu haraka. "Usiuguse."

"Jogoo la Diwani?"

"Hilo ni la mheshimiwa," akasema Redio Mbao. "Lina kinga."

"Sasa kelele ni ipi jamani?"

"Kelele ni ile ambayo watu wanatoa kiingilio kwenda kuisikia."

Tulicheka, isipokuwa Askofu. Askofu alikuwa amekunja mikono.

"Chekeni," alisema. "Nyinyi mnalala mbali. Mimi ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa ukumbi. Jumamosi najifungia nisali rozari yangu. Nikifika fumbo la tatu, najikuta naitikia kiitikio cha bendi. Mara mbili sasa! Padri nimemwambia kwenye kitubio."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza ni wimbo gani."

"Kwa hiyo wewe unaiunga mkono hii sheria?"

"Naiunga mkono kwa moyo wote. Mtu ana haki ya kusikia sala yake mwenyewe."

"Kuku wako nao wana haki?"

"Kuku wangu hawajataga tangu Pasaka."

"Askofu, una majogoo matupu!"

"Msinitanie. Nasema kweli, nateseka."

Nasema nami hapa, maana mtu akiumia lazima asemewe: alikuwa anateseka kweli. Macho yake kila Jumapili yalikuwa mekundu. Lakini pale kijiweni mateso yasiyo na mwenzako wa kuteseka naye hugeuka kuwa kichekesho, na sisi hatukumwacha.

"Aliyeipeleka sheria ni nani?" akauliza Mwanaima.

"Nani tena? Diwani wetu Ngassa. Amerudi kutoka Mwanza, ameangalia kata nzima, akaona kiwanja kizuri ni kile cha nyuma ya ukumbi. Amejenga. Alipohamia tu, akagundua kuna ukumbi."

"Ukumbi una miaka tisa."

"Na nyumba ina miezi saba. Sasa anashangaa nani kamfuata mwenzake."

Kwenye sanduku la mwisho, Baruti akatikisa kichwa kukubali.

Sijamtaja Baruti mpaka sasa kwa sababu hata pale kijiweni huwa anatajwa mwisho. Ni Mzee Mabula, fundi baruti wa zamani. Ndiye aliyekuwa akitega shimoni, anawasha tambi, anatoka. Miaka kumi na minne ya kazi hiyo ilimwacha na vidole vyote kumi na masikio yasiyo na kazi. Ukitaka kumwambia neno, uelekeze mdomo kwenye sikio la kushoto, uvute pumzi, upige kelele mpaka mbuzi wa jirani wainue vichwa. Hapo huenda akapata nusu. Kwa hiyo watu wengi hawahangaiki. Yeye humtazama usoni anayesema, anatikisa kichwa polepole, anahuzunika ukihuzunika, anacheka ukicheka. Nyakabanga nzima inamwendea na matatizo yake. Wanawake wenye waume walevi, wanaume wenye mashemeji, wote wanasema hakuna msikilizaji kama Mzee Mabula.

Raha yake moja ni Jumamosi. Hanywi pombe. Anaingia Tulia, ananunua soda, anavua viatu, anakwenda kusimama ubavuni mwa spika kubwa na kuweka kiganja juu ya mbao. Gitaa la besi likianza, utamwona uso unafunguka.

"Nalipata hapa," aliwahi kutuambia kwa sauti yake kubwa, akionyesha nyayo, kisha kifua. "Mgodini tulihesabu hivyohivyo. Umetega kumi, unasimama mbali, unahesabu kwa miguu. Puu, moja. Puu, mbili. Zikifika kumi, watu wanaingia. Zikiwa tisa, moja imelala, haijalipuka. Asiingie mtu."

Siku ile aliendelea peke yake, hakuna aliyemuuliza. Mara moja alikosea hesabu. Alisema kumi zilipokuwa tisa, na rafiki yake Otmar akaingia. Alitueleza hayo mara moja tu, na hakuna mtu kijiweni aliyewahi kumfanyia utani juu yake. Sisi ambao tunatania hata misiba.

Mama Salvina akavuka barabara, ufagio mkononi. Nyuso zetu zilikuwa zimeshamwambia.

"Shikamooni. Nani kafa?"

"Marahaba. Hajafa mtu, mayu," akasema Redio Mbao, kisha akamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mwanaima akamwekea kikombe, hakukigusa.

"Niliwauza ng'ombe wa watu," alisema. "Shemeji zangu wanasubiri siku tu nifunge mlango waje waseme tulikwambia. Salvina yuko kidato cha tatu. Nikifutiwa leseni namrudisha kulima pamba." Akamgeukia Askofu. "Na wewe Ansgar, kwa nini hukuja kuniambia mimi? Tumeshirikiana ukuta miaka tisa."

Askofu akatazama chini. "Nilikuja mara tatu, Mama Salvina. Nilipiga hodi. Hukunisikia."

Hata Redio Mbao alimeza kicheko.

Tukiwa hapo, Diwani mwenyewe akatokea, kaunda suti ya kijivu na karatasi mkononi. Diwani Ngassa ni mfupi, jambo ambalo si kosa, ila anatembea kama mtu anayedhani tumepewa amri tusilione.

"Habari za asubuhi, wananchi. Bila shaka mmesikia."

"Tumesikia, mheshimiwa. Ndiyo raha ya masikio," akasema Mwanaima.

"Mimi si adui wa muziki. Nataka haki itendeke kisayansi. Kesho saa tisa, bendi itapiga. Nitapima hatua mia mbili mimi mwenyewe. Pale zitakapoishia atasimama mwananchi mmoja mwadilifu na kibendera chekundu. Akisikia, anainua. Asiposikia, hainui. Bendera ikipanda, leseni naikunja palepale."

"Mwananchi gani?" akauliza Redio Mbao.

"Hapo ndipo pana kazi. Asiwe mlevi."

"Hapo umebakiza kumi na wawili, mheshimiwa."

"Asiwe ndugu wa mwenye ukumbi. Asiwe jirani mlalamikaji."

"Askofu, umetoka," nikasema.

"Asiwe mtu wa porojo." Hapo alitutazama mmoja mmoja, nasi tukatazamana. "Lakini ninaye. Mimi tangu nihamie hapa nimezungumza na watu wengi, na wengi hawajui kusikiliza. Unasema, yeye anasubiri zamu yake aseme. Mtu mmoja tu hapa Nyakabanga anajua kusikiliza. Juzi nimekaa naye saa mbili nzima nikimweleza mipango yangu ya kata, hakunikatiza hata mara moja."

Akanyoosha kidole kwenye sanduku la mwisho.

"Mzee Mabula!"

Baruti akamtazama usoni. Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima.

"Mmeona?" akasema Diwani. "Amekubali bila masharti."

Sijui wengine walifanya nini na nyuso zao. Mimi nilikunywa kahawa yote iliyobaki, pamoja na machicha. Mwanaima alipata shughuli ya ghafla ndani ya jiko la mkaa. Mama Salvina aliuinua ufagio ukamfunika mdomo.

Diwani akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, UKISIKIA INUA, maana alisema mambo ya serikali lazima yawe kwa maandishi. Baruti akaisoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha Diwani akamwagiza Askofu ashone kibendera, akaondoka.

"Wote mmekaa kimya!" akafoka Askofu alipoona mgongo wa suti umepotelea nyuma ya ukumbi. "Mtu kiziwi anateuliwa kusikiliza, na mnakaa kimya!"

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza.

"Mimi..."

"Ulisema nini, Askofu? Tukumbushe."

"Sikuulizwa," akasema.

"Hata sisi."

"Mimi sisemi uongo."

"Hakuna anayekuomba uongo. Endelea tu kutoulizwa mpaka kesho jioni."

Askofu alinung'unika kitu cha Kilatini. Lakini nilimwona anamtazama Mama Salvina akivuka barabara kurudi kwake, na kwa mara ya kwanza tangu apewe habari alikuwa anatembea wima.

"Je, tumweleze Baruti?" akauliza Redio Mbao. "Kwamba asiinue kabisa?"

"Umweleze vipi? Ukimpigia ukelele sikioni, siri itafika Chato kabla haijamfika yeye."

Tukakubaliana aachwe alivyo. Kwani kuna shida gani? Masikio hayapo, bendera haitapanda. Tulijiona wajanja sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka nyayo.

Jumamosi saa nane na nusu watu walikuwa wamejaa barabarani kuliko siku ya mnada. Diwani akaanza kupima kutoka mlangoni, na Redio Mbao akahesabu kwa sauti. Zile hatua mtu angeweza kuzilaza mbili ndani ya moja yangu. Mia mbili zikaishia kwenye jiwe la mpaka wa ghala la pamba, mahali ambapo bibi mwenye afya anaweza kumtupia mjukuu wake ndizi kutoka ukumbini.

"Mheshimiwa, ndizo hizo?"

"Sheria imesema hatua."

Baruti akapelekwa pale na kibendera chake. Akasoma tena karatasi yake. Kisha akainama, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya jiwe, akasimama. Sisi kutoka kijiweni tulimwona waziwazi, maana barabara ile imenyooka.

"Anavua viatu vya nini?" akauliza Mwanaima.

"Joto," nikasema. Mungu anisamehe.

Maspika yalikuwa yametolewa nje, yameketi ardhini mbele ya mlango. Ng'wina Jazz wakafungua magitaa. Mama Salvina alikuwa amesimama nyuma ya amplifaya, mikono ameifungia ndani ya kanga. Ndipo Diwani akaona umati wote ule, na maiki imesimama peke yake bila mtu.

"Kabla bendi haijapiga," akasema, "niwaeleze kidogo umuhimu wa zoezi hili."

"Mambo yameharibika," akasema Redio Mbao. "Ameiona maiki."

"Ndugu wananchi! Mnanisikia huko nyuma?"

"Hatukusikii!" wakapiga kelele walevi wa nyuma, ambao walikuwa wanamsikia vizuri kabisa.

"Ongeza sauti," Diwani akamwambia mpiga besi.

"Mheshimiwa, hii ikiongezwa itavuka..."

"Ongeza, kijana! Mpaka mwisho!"

Sauti ikaongezwa mpaka mwisho.

"Ndugu wananchi, nina hoja kumi na nane juu ya madhara ya kelele!" Akainua vidole kumi juu, kisha vinane, waone hata walio mbali. "Hoja ya kwanza!"

Sasa Diwani ana mtindo wake, ameuokota huko Mwanza. Akitaja hoja, anaipiga maiki kwa kiganja, kama karani anayegonga muhuri. Puu! Kahawa yangu ikatikisika ndani ya kikombe. Hoja ya kwanza, kelele huharibu usingizi wa mkulima. Puu! Hoja ya pili, mkulima asiyelala hapalilii. Puu! Hoja ya tatu, pamba isiyopaliliwa.

"Hii imeshapita ghala," akasema Mwanaima akiziba masikio. "Hii imefika mtoni."

"Hotuba hainaga hatua," nikamwambia.

Hoja ya nane ilihusu ng'ombe wenye mimba. Ya kumi na moja ilihusu uhuru wa nchi, sikumbuki kwa vipi. Ya kumi na nne ilirudia ya pili. Bendi walikuwa wameketi chini, magitaa mapajani, mmoja ameanza kusinzia. Na Askofu alikuwa amesimama kule ng'ambo, ameshika ukuta wa nyumba yake ambao ulikuwa unatetemeka.

"Hoja ya kumi na saba!" Puu!

Nilitupa jicho upande wa ghala, sijui kwa nini. Kibendera kilikuwa juu.

Si juu kidogo. Baruti alikuwa amenyoosha mkono wote, amesimama kwenye ncha za vidole, peku, anakipunga.

"Mama yangu," akasema Redio Mbao.

Mama Salvina alikiona. Alishika kona ya amplifaya, na nikamwona anaketi chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Tulikuwa tumemuuza sisi wenyewe, kwa ujanja wetu.

Diwani akakiona pia. Akageuka kwa umati, uso unang'aa.

"Mmeona! Bendera! Imepanda! Mlio umevuka!"

Ndipo Mwanaima, bila hata kunyanyuka kwenye jiko lake, akauliza:

"Mheshimiwa, samahani. Bendi imepiga wimbo gani?"

Diwani akawatazama Ng'wina Jazz. Yule aliyesinzia aliamka, akatazama huku na huku, akasema, "Tayari zamu yetu?"

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Watu waliangukiana. Mzee mmoja wa Didia aliyekuja kuuza mbuzi alilala chini akashika tumbo. Na katikati ya kicheko hicho Baruti akawa anakuja, viatu mkono mmoja, bendera mkono wa pili, uso umekazwa kikazi. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Diwani.

"Kumi na saba!" alitangaza. "Nimezihesabu zote. Kama mlitega kumi na nane, moja imelala. Asiingie mtu!"

"Anasema nini huyu mzee?"

"Anatoa ripoti, mheshimiwa," nikasema. "Hoja zako. Amezipata kumi na saba."

"Amezisikia?"

"Kwa miguu," akasema Askofu. "Huyu ni kiziwi."

"Kiziwi! Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Mbona hamkusema?"

Tukajibu wote kwa pamoja, kama waumini: "Hatukuulizwa!"

"Lakini mimi nimezungumza naye saa mbili nzima!"

Hapo hata bendi walilala chini.

Diwani alisubiri tumalize. Nikubali, ana uvumilivu. Kisha akasema sheria ni sheria, haijali kilichopita ndani ya spika ni hoja au ni gitaa, na kilichovuka mpaka ni amplifaya ile, mwananchi mwadilifu amethibitisha. Leseni hataifuta leo, kwa sababu yeye ni mtu wa huruma. Lakini akanyoosha mkono, akachomoa chaki nyuma ya sikio la Askofu, akaenda kwenye amplifaya akachora mstari mweupe kando ya kitufe cha sauti, chini kabisa, karibu na pale kinapoanzia.

"Kisivuke mstari huu. Nitapita wakati wowote. Nikikuta kimevuka, Mama, usinililie."

Akarudisha chaki kwa Askofu, akaondoka. Hoja ya kumi na nane alikwenda nayo.

Mama Salvina akazungusha kitufe mpaka kwenye mstari. Ng'wina Jazz wakaanza. Walipiga kama watu wanaopiga ndani ya gunia. Mlio ulifika kijiweni umechoka, na watu wakaanza kusemezana, na wanaosemezana wakawa juu kuliko gitaa. Wengine wakashika njia ya nyumbani.

Baruti hakujua lolote. Alikwenda kwenye spika lake kama kila Jumamosi, peku, akaweka kiganja juu ya mbao. Akangoja. Akahamisha kiganja. Akaweka na cha pili. Aliwaona wapigaji wanasogeza vidole kwenye nyuzi, akawatazama, akanigeukia.

"Bado hawajaanza?" akauliza.

Mimi, mtu wa maneno, nilitikisa kichwa tu, na hata sikujua ninatikisa kukubali au kukataa. Mama Salvina alikuwa ametazama pembeni.

Askofu ndiye aliyetoka. Alimpita Redio Mbao, akampita Mama Salvina, akainama mbele ya amplifaya. Akafuta ule mstari kwa mkono wa shati lake jeupe. Akachukua chaki, akauchora upya, umenyooka, safi, kama anavyochora pindo la suruali, mwisho kabisa wa mzunguko. Kisha akazungusha kitufe mpaka kwenye mstari, wala hakikuvuka.

"Na rozari yako, Askofu?" nikamuuliza.

"Nitasali asubuhi."

"Diwani akiuliza nani kauhamisha mstari?"

"Aniulize kwanza," akasema, akarudisha chaki nyuma ya sikio.

Mpiga besi alikuwa ameyaona yote. Alinyanyuka, akakaza mkanda wa gitaa, akaupiga uzi mnene kwa nguvu zake zote. Puu! Vumbi likaruka mbele ya spika, masanduku yetu yakatikisika na HATARI yake ubavuni.

Baruti alifumba macho, viganja vyote viwili juu ya mbao. Kisha akageukia umati uliokuwa unaondoka, akainua bendera nyekundu juu kabisa.

"Kumi na nane!" akapaza sauti. "Zimetimia! Sasa ingieni!"

Watu wakageuka, wakaingia.